Mlezi wa Masomo: Jinsi ya Kumpatia Mwanao Mtu wa Kumwonyesha Njia

Kila Januari Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kuna watoto waliofaulu ambao hawajui la kufanya kesho yake. Binti amepata daraja la pili, majirani wamempongeza, mama ametokwa na machozi ya furaha. Lakini ukoo mzima hauna mtu aliyewahi kuvuka kidato cha nne. Hakuna wa kumwambia kwamba bado anaweza kubadilisha tahasusi, yaani ule mkusanyiko wa masomo matatu atakayosoma kidato cha tano na cha sita, na kwamba muda wa kubadilisha ukipita umepita. Mtoto wa mwalimu au wa mtumishi wa halmashauri huyajua hayo akiwa amekaa kwao tu, kwa kuwasikia wakubwa wakizungumza jioni. Wote wawili wana akili. Mmoja ana wa kumwelekeza, mwingine hana.

Makala hii ni ya huyo asiye na wa kumwelekeza, na ya mzazi wake. Inaeleza namna ya kumpatia mlezi wa masomo: mtu aliyeitangulia njia, anayekutana na mwanafunzi mara kwa mara, akimsikiliza, akimweleza kinachokuja mbele na kumsaidia kukivuka. Huyu si mwalimu wa tuisheni, ingawa anaweza kumwelekeza pa kuipata. Si mfadhili pia. Usimtafute ukitarajia alipe ada au anunue viatu, maana siku atakaposhindwa uhusiano utavunjika kwa aibu na mtoto ndiye atakayepoteza.

Anayemhitaji zaidi ni yule ambaye watu wa aina yake ni wachache madarasa ya juu. Msichana anayependa Fizikia katika darasa la wavulana. Mtoto wa jamii ya wafugaji ambaye shule yake iko mwendo wa saa mbili kutoka bomani. Mwanafunzi asiyeona, asiyesikia au mwenye ulemavu wa viungo. Binti aliyejifungua na sasa anataka kurudi. Na wa kwanza kabisa katika familia kuingia sekondari, ambaye nyumbani hakuna anayeweza hata kumsomea ripoti yake iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita kuanzia Julai 2022. Hatua hiyo imewafikisha shuleni watoto wengi ambao zamani wasingefika. Kufika ni jambo moja, na kujua namna ya kupita humo ndani ni jingine.

Je, kweli inasaidia?

Ni haki yako kuuliza, kwa sababu muda wa mtoto ni mali. Mfano ulio karibu nasi ni shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005. Huwasaidia wasichana wa familia maskini, hasa vijijini. Waliomaliza shule kwa msaada huo wana umoja wao, ulioanzishwa mwaka 1998, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la CAMA. Baadhi yao hujitolea kwa miezi 18 katika shule za kwao. Kila wiki hukaa na wanafunzi, wasichana na wavulana, wakipitia kitabu cha stadi za maisha kiitwacho Dunia Yangu Bora: kujiamini, kupanga malengo, kujisomea. Mwanafunzi akianza kukosekana darasani, binti anayejitolea humfuata nyumbani kuuliza kuna nini. Na kwa kuwa ni mtoto wa palepale, anajua mlango wa kubisha na anajua bibi yupi wa kuzungumza naye kwanza.

Mwaka 2018 watafiti wa kituo cha REAL cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa tathmini ya kazi hiyo hapa Tanzania. Walikuta kwamba wasichana waliosaidiwa waliacha shule kwa kiwango pungufu kuliko wenzao wa shule zisizo na mpango huo. Ni vizuri nikuambie pia kwamba wasichana hao walipata na msaada wa vitu: sare, madaftari na mahitaji mengine ya shule. Maneno mazuri hayamvushi mtoto ambaye hana viatu. Ndiyo maana mlezi mzuri, hata kama hana fedha, anajua ofisi ya kumpeleka mwanafunzi mwenye shida.

Marekani kuna shirika la Big Brothers Big Sisters, linalomuunganisha mtoto mmoja na mtu mzima mmoja anayejitolea. Tathmini ya mwaka 1995 ilionyesha kwamba watoto waliopata mtu huyo walitoroka shule siku pungufu, karibu nusu ya siku za wenzao ambao bado walikuwa kwenye foleni ya kusubiri. Uchambuzi uliofuata, wa mwaka 2002, ulileta onyo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: watoto ambao walezi wao waliwaacha kabla ya miezi mitatu walitoka wakijiona duni kuliko walivyoingia. Faida kubwa ilikuwa kwa wale waliodumu mwaka mmoja au zaidi.

Hilo ndilo jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote yaliyomo humu. Mlezi anayedumu ni bora kuliko mlezi mkubwa. Shule nyingi huita mgeni mashuhuri siku ya mahafali, anazungumza kwa hamasa, watoto wanapiga makofi, kisha gari linaondoka. Sina ugomvi na hotuba hizo, ila usizihesabu kuwa ulezi. Kijana wa stashahada anayekuja kila baada ya wiki mbili kwa miaka miwili atamsaidia mwanao kuliko profesa anayefika mara moja.

Mlezi afanye nini, na lini?

Kazi yake hubadilika kila hatua, na hapa inafaa twende polepole.

Kidato cha kwanza, tatizo kubwa ni lugha. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia darasa ambalo Historia, Biolojia na Jiografia zote ni kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza, na mwalimu mwenye darasa la watoto sitini au zaidi hana muda wa kugundua nani amenyamaza kwa kutoelewa. Katika miezi ya mwanzo mlezi amsaidie jambo moja tu: kuwa na daftari dogo la maneno. Kila siku aandike maneno matano aliyokutana nayo darasani, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja. Mlezi akija analipitia. Halina gharama zaidi ya bei ya daftari.

Kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Mlezi amtafutie mitihani ya miaka iliyopita. Mingi inapatikana bure kwenye tovuti ya NECTA, na shule nyingi zina nakala. Amfundishe pia kukaa na saa mbele yake na kumaliza karatasi ndani ya muda uliopangwa. Watoto wengi wanajua majibu, lakini muda unawaishia.

Kutoka cha pili kwenda cha tatu kuna uamuzi unaopita kimyakimya na kufunga milango mingi. Katika shule nyingi hapo ndipo mwanafunzi huamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Wasichana wengi huziacha kwa sababu rafiki zao wameziacha, au maabara haina vifaa, au kuna mtu kawaambia si masomo yao. Miaka miwili baadaye anataka uuguzi au famasia na anaambiwa hana sifa. Mlezi wa kike aliyesoma sayansi ana thamani kubwa sana hapa. Akae na binti, waandike kazi tatu anazozipenda, kisha mbele ya kila kazi waandike masomo yanayohitajika. Uamuzi ubaki wa binti mwenyewe, lakini aamue akijua.

Kidato cha nne, kabla ya mtihani wa Novemba, shuleni hujazwa fomu ya machaguo ya tahasusi na vyuo kupitia mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, uitwao Selform. Kuna wanaojaza kwa kunakili kwa jirani. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, kwa hiyo hata mzazi aliyesoma zamani asidhani bado ni zile za PCB, EGM na HKL alizozizoea. Mlezi apitie orodha hiyo pamoja na mwanafunzi kabla fomu haijajazwa. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua muda wa kubadilisha machaguo, na mwanafunzi huingia mwenyewe kwenye selform.tamisemi.go.tz kwa namba yake ya mtihani. Kama hana simu ya intaneti, steshenari ya mjini au mlezi mwenye simu atamsaidia. Asimwachie mtu mwingine aamue kwa niaba yake, na asimpe mtu neno lake la siri.

Kisha unakuja muda ninaouona kuwa wa hatari kuliko yote: kuanzia Desemba, mtihani ukiwa umeisha, hadi Julai, kidato cha tano kinapoanza. Zaidi ya miezi sita. Hakuna kengele, hakuna mwalimu, na nyumbani mtoto sasa anaonekana mtu mzima. Mvulana anakwenda mgodini au anapewa bodaboda, anaonja fedha. Binti anatumwa kwa shangazi mjini kusaidia kazi, au anakuja mchumba. Wengine Julai ikifika hawaendi tena, ingawa majina yao yametoka. Mlezi asipumzike katika miezi hii. Akutane na mwanafunzi kama kawaida, amwazime vitabu vya kidato cha tano, na amsaidie kutafuta kozi fupi au kazi ya muda yenye siku ya mwisho inayojulikana. Majina yakitangazwa, wapakue pamoja fomu ya kujiunga kwenye tovuti ya TAMISEMI na waisome mstari kwa mstari: godoro, ndoo, sare, michango, tarehe ya kuripoti. Ada ya masomo haipo, lakini orodha ya vitu huwashtua wazazi wengi. Ikisomwa mapema, mzazi anaweza kununua kidogokidogo.

Kidato cha sita mtihani ni Mei. Hapa kuna mtego wa kalenda. Wahitimu wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria mara baada ya mtihani, na kipindi hichohicho ndicho maombi ya vyuo na ya mkopo hufanyika. Kijana yuko kambini, karatasi ziko kijijini. Basi mlezi aanze kukusanya nyaraka tangu kidato cha tano: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, vyeti vya vifo kama mzazi amefariki, na namba ya kaya kama familia iko TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, na kwa waliozaliwa Zanzibar kuna mamlaka yake ya usajili, ZCSRA. Jina likiwa tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, hata kwa herufi moja, lishughulikieni mapema kwa sababu huchukua muda.

Maombi ya mkopo hufanyika mtandaoni kwa Bodi ya Mikopo, HESLB. Kwa miaka kadhaa ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba. Baada ya kujaza, fomu huchapishwa, husainiwa na mdhamini, na serikali ya kijiji au mtaa, na kuthibitishwa na hakimu au wakili, kisha hupandishwa tena kwenye mfumo. Saini moja ikikosekana, maombi hayajakamilika. Vyuo vikuu huombwa moja kwa moja chuoni. Ada kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa kila chuo, na miongozo ya sifa za kujiunga iko bure kwenye tovuti ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Kabla ya kulipa chochote hakikisha kiwango cha mwaka huo kwenye tovuti husika, na uwaepuke vishoka wanaoahidi kukupatia mkopo au nafasi kwa fedha.

Nitampata wapi?

Anzia shuleni. Shule nyingi zina mwalimu aliyepewa kazi ya ushauri na unasihi, yaani kumsikiliza mwanafunzi mwenye jambo na kumsaidia aone njia. Nenda kwa mkuu wa shule, umuulize mwalimu huyo ni nani na anapatikana siku gani. Omba umsalimie, umtajie jina la mwanao na hali ya nyumbani kwenu. Mwalimu akiijua sura ya mzazi humkumbuka mtoto. Kama hata walimu wenzake hawamfahamu, lipelekeni jambo hilo kwenye kikao cha bodi ya shule au cha wazazi.

Uliza pia kama shule iko kwenye mpango wa CAMFED. Hakuna fomu ya kuomba mtu mmojammoja kutoka nyumbani. Shirika hufanya kazi kupitia shule na halmashauri, na kamati za jamii ndizo husaidia kutambua nani ana uhitaji. Kwa hiyo anayejua ni mkuu wa shule, au afisa elimu sekondari wa wilaya. Uliza kuhusu klabu za Fema, zilizotokana na kazi ya Femina Hip iliyoanza mwaka 1999 na gazeti lake la vijana. Klabu yenye mwalimu mlezi anayejali humpa mtoto mtu mzima wa kuzungumza naye na wenzake wa kujifunza nao. Kwa walio Dar es Salaam wenye mabinti wanaopenda kompyuta, Apps and Girls imekuwa ikifundisha wasichana kutengeneza programu tangu 2013 na kuwakutanisha na wanawake walio kwenye kazi hizo.

Kwa msomaji wa Kenya, mpango wa Wings to Fly wa Equity na Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2010, hulipia wanafunzi werevu wa familia maskini, na pamoja na ada huwapa ushauri na kuwakutanisha wakati wa likizo. Fomu hutolewa bure katika matawi ya benki ya Equity. Anayekuuzia fomu hiyo ni tapeli.

Lakini tuseme shule yenu haina chochote kati ya hivyo, jambo ambalo kwa vijijini ni la kawaida. Usisubiri mradi. Mlezi mzuri anaweza kuwa muuguzi wa zahanati ya kata, afisa ugani, mhasibu wa SACCOS, mwalimu kijana wa shule ya msingi, au mtoto wa jirani aliyeko chuo anayekuja nyumbani likizo na kupiga simu muhula ukianza. Mchague aliyemtangulia mwanao kwa miaka michache, aliyetoka mazingira kama yake, na anayeheshimika. Msichana apate mwanamke inapowezekana. Mtoto mwenye ulemavu akipata mtu mzima mwenye ulemavu kama wake aliyesoma, ni bora zaidi, kwa sababu huyo anajua namna ya kuomba karatasi ya nukta nundu au muda wa ziada kwenye mtihani bila kuona haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na si vibaya kumwandikia au kumpigia mtu wa huko kuuliza kama kuna mhitimu wa kutoka mkoa wenu.

Kumwomba si vigumu. Nenda kwao, salimianeni, kisha sema wazi unachotaka. “Mwanangu, mdogo wako Neema yuko kidato cha pili na nyumbani hatuna aliyefika huko. Naomba uwe dada yake wa masomo. Mara mbili kwa mwezi, saa moja, hapa barazani kwetu, mpaka amalize cha nne. Utaweza?” Ona kwamba umetaja mara ngapi, muda, mahali na mwisho. Ukisema tu “nisaidie huyu mtoto,” atakubali kwa adabu na hutamwona tena.

Na usimwache mwanao awe peke yake kama wako wengine wenye hali kama yake. Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, huko Marekani, kilianzisha mwaka 1988 mpango wa Meyerhoff kwa vijana Weusi waliotaka sayansi. Moja ya siri zake ni kuwafanya wasome kwa vikundi badala ya kila mmoja kujificha na udhaifu wake. Mlezi mmoja anaweza kukaa na watoto watatu au wanne wa kijiji kimoja. Siku asipokuja, wao wenyewe wakutane.

Gharama

Ulezi wa kweli haulipiwi. Gharama zako ni nauli ya mlezi kama anatoka mbali, bando la intaneti siku ya kupakua fomu, madaftari, na chai. Nauli mlipe, hata kama anakataa, maana ndiyo huwafanya wengi kukata tamaa kimyakimya. Ukikutana na taasisi inayodai ada ya usajili ili mtoto “aunganishwe na mlezi,” omba kuona cheti chake cha usajili, kisha umuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri kama anaifahamu. Kama haifahamiki, usitoe fedha na usiwape nakala za vyeti.

Usalama wa mtoto

Hapa usione aibu kuwa mkali. Mikutano ifanyike mahali pa wazi: barazani, darasani mlango ukiwa wazi, maktaba, uani kanisani au msikitini. Isifanyike chumbani kwa mlezi wala usiku. Mzazi ajue siku na saa. Mlezi asimpe mtoto simu au zawadi kwa siri, na asimwambie “usimwambie mama.” Ukisikia neno hilo, simamisha mara moja. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini mzazi hasubiri mpaka ifike huko. Kama kuna wasiwasi, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe naye afundishwe namba hiyo.

Aliyejifungua na anataka kurudi

Anaweza. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na waraka uliotolewa unataja muda wa miaka miwili. Kwa hiyo usikawie. Mpeleke kwa mkuu wa shule aliyokuwa akisoma, na akikataa nenda kwa afisa elimu wa wilaya. Kama anaona haya kurudi darasa lilelile, aombe shule nyingine ya serikali. Au aende kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako anaweza kusoma kwa njia mbadala na kufanya mtihani wa maarifa, QT, kabla ya kidato cha nne. Binti huyu anahitaji mlezi kuliko mwingine yeyote, na mlezi wake anahitaji kuzungumza na nyumba nzima: nani atabaki na mtoto asubuhi, atanyonyeshwa saa ngapi, nani atachota maji. Hayo yasipopangwa, atarudi shule wiki mbili na kukata tamaa.

Kwa anayetaka kuwa mlezi

Huenda unayesoma hii si mzazi, ni wewe kijana uliyemaliza chuo na unaijua njia. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule uliyosoma. Taja jina lako, mwaka uliomaliza, unachofanya sasa, wanafunzi wangapi unaweza kuwashika (wasizidi wanne mwanzoni), na siku utakazofika. Ambatanisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Waombe walimu wakuchagulie wanaohitaji zaidi. Wakiachwa wachague wenyewe, watakaonyoosha mkono ni wale wenye kujiamini tayari.

Siku ya kwanza usihutubu. Muulize kila mmoja anaamka saa ngapi, anatembea umbali gani, anasomea wapi usiku, na somo lipi linamtisha. Yaandike. Ukirudi mara ya pili ukikumbuka kwamba taa ya kwao iliharibika, utakuwa umepata nafasi ya kusikilizwa kwa yote mengine. Makubaliano yenu myaweke kwenye daftari moja: mtafanya nini kabla ya kukutana tena, na tarehe. Usiahidi fedha, wala nafasi ya chuo, wala kazi.

Na ukihamishwa kikazi au ukipata masomo mbali, usipotee. Toa taarifa mwezi mmoja kabla, kwa mwanafunzi, kwa mzazi na kwa mwalimu. Tafuta wa kukupokea, mkae wote pamoja angalau mara moja, na lile daftari umkabidhi yeye mbele ya mtoto.